Magari ya Mazishi Ndani ya Shamba Lako

Mama,

Umepumzika? Sisi bado. Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu cha mboga hapa Ngara. Wateja hakuna saa hii, na nikikaa bure nitaanza kulia mbele ya watu.

Ulizikwa vizuri, hilo sikufichi. Watu walijaa nyumbani Kabete mpaka nikajiuliza uliwajulia wapi wote. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na vijana wa kanisa, kwa heshima zao, hawakutaka mgeni yeyote achafue viatu. Wakafungua lango la shamba. "Ingiza hapa, mzee, songa kidogo." Magari yote ndani ya mboga zako! Iliyonimaliza ni ile trekta iliyoleta hema na viti. Ilikwama, ikarudi nyuma na trela lake, ikazungusha magurudumu palepale. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeshikwa mikono huku na huku, na mfiwa hafokei waliokuja kumlilia mtu wake.

Wewe hata wilibaro ulikuwa huiruhusu shambani mvua ikinyesha. Ulikuwa unaokota udongo, unaufinya kiganjani, na ukishikana kama unga wa chapati unaturudisha nyumbani. "Udongo uliolowa ukiukanyaga, utakuwekea kinyongo." Tulikuwa tunakucheka, eti Mama anaogopa kuumiza matope.

Basi udongo umeweka kinyongo kweli. Palipopita magurudumu maji yanatuama tu. Sukuma wiki imedumaa, njano tupu. Nikichomeka nondo inaingia shubiri moja, halafu inagonga kitu kama sakafu. Niling'oa mche mmoja nikaona mzizi umeshuka kidogo, ukashindwa, ukakata kona kwenda pembeni. Aki nilikaa chini nao mkononi, nikakukosa sana.

Kimani, mwanao wa Kilimani, akaleta dawa yake: trekta kubwa ya kulima. Hata hakuniuliza. Mvua ndiyo kwanza imekatika, na magurudumu yamejazwa upepo, magumu kama ya kukimbia barabarani. Nilimsimamisha dereva, nikamwomba angoje udongo ukauke, au basi apunguze upepo ili gurudumu lilale kidogo, uzito usambae. Akanicheka. "Madam, bosi amesema nilime." Alipoondoka, juu palikuwa laini kama keki. Huko chini, pagumu kuliko mwanzo.

Hapo ndipo Kimani akatangaza kwamba udongo umezeeka, na kwamba kuna mtu anataka kujenga magorofa. Akanipa msimu mmoja: shamba lisipotoa, linauzwa. Nilimjibu maneno ambayo usingependa kuyasikia. Sitayarudia hapa, lakini siyajutii.

Tangu siku hiyo nachimba kwa jembe la meno, kipande kwa kipande, nikipasua ule ugumu wa chini. Nimepanda na mbaazi, kwa sababu mizizi yake ina ukaidi. Mgongo umeisha, Mama. Yule mteja wako wa Spring Valley bado anaulizia managu yako, ile mboga ya mnavu, kila akipita hapa kibandani. Namwambia avumilie, na anavumilia, Mungu ambariki.

Jumapili iliyopita Kimani alikuja na fundi kupima kaburi lako, waweke saruji na vigae kama wanavyofanya watu. Tulipofika fundi akasita. Managu, Mama! Yamefunika kaburi zima, yamenawiri, majani mapana kama kiganja. Hakuna aliyeyapanda. Mbegu zako zilikuwa ndani ya udongo uliochimbwa, na udongo huo ulirudishwa kwa koleo tu. Hapo pekee ndipo gari halikupanda.

Kimani akachutama, akaingiza vidole, vikazama bila nguvu. Akainuka, akaenda mpaka pale alipokuwa ameegesha gari lake siku ya mazishi, akafukua udongo laini wa juu, akajaribu tena. Kucha ikakatika. Alikaa hapohapo kwenye matope na suruali yake ya kanisani.

"Wambui," akaniambia, "kumbe ni sisi."

Halafu akalia. Siku tulipokuzika hakulia, unajua alivyo. Nilikaa karibu naye tukalia wote wawili, fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Fundi tulimrudisha, vigae hatuvitaki tena. Yule mtu wa magorofa amepigiwa simu, ameambiwa hapana. Na jana Kimani alishika jembe la meno kutwa nzima. Nilimcheka mikono ilivyotoka malengelenge, kisha nikampaka mafuta. Sijui kama shamba litapona lote, maana udongo hausamehe upesi. Lakini haliuzwi.

Kwaheri, Mama. Lala. Hatutakuwekea saruji kifuani. Managu tutayaacha yakomae, tuchukue mbegu tuzirudishe shambani.

Na ahadi yangu ni hii. Siku nitakapoletwa kulala kando yako, lango la shamba litabaki limefungwa, nimeshawaambia wote. Watatembea kwa miguu kutoka barabarani, askofu akiwemo, hata kama matope yatafika magotini. Na mimi wanibebe mabegani.

Wako,
Wambui