Kikoi cha Bwana Iyan

Jumanne, 2 Septemba

Nimetoka kazini ghalani Aston saa tisa. Nimeoga, nimefunga kikoi, nimekaa. Ndipo Salma akanionyesha picha kwenye simu. Karim, mchumba wake, uwanjani kwenye mpira. Fulana, buti kubwa, na sketi ya mistari. Magoti nje. Nikauliza nani kamdhulumu suruali. Binti hakucheka. "Baba, it's not a sketi." Kilti, anasema. Vazi la kwao Skotilandi. Na baba yake Karim atavaa hilohilo siku ya ndoa.

Ndoa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sielewi kitu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimesomeshwa na mwanangu. Kilti ni moja, kinachobadilika ni unachovaa nayo. Kwa fulana na buti, unakwenda mpirani. Kwa koti la vifungo vya fedha, soksi ndefu, kifuko cha ngozi kiunoni na kisu kidogo ndani ya soksi, unakwenda harusini. Kisu! Msikitini! Tena wenyewe hawakubaliani. Karim ni mtu wa mjini, fulana kwake sawa. Baba yake ni mtu wa shamba huko kaskazini, anasema kilti na fulana ni kukosa adabu. Hapo mzee nimemwelewa.

Lakini sisi je? Jirani yangu Abdi, Msomali aliyekulia Mombasa, hujifunga macawis yake, shuka kama kikoi tu, akaenda Coventry Road kununua maziwa. Mimi Mzanzibari, nikivaa kikoi mwisho wangu ni pipa la taka mlangoni. Zaidi ya hapo ni chini ya kanzu, hakuna anayekiona. Mke wangu Zuwena anasema wanaume wote tuna wazimu, tofauti ni kitambaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Kaka Nassor amekuja kutoka Northfield baada ya sala. Kasikia habari ya kilti. Anasema akiona goti la mtu kwenye ndoa, anaondoka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Kaka hamtaki Karim mwenyewe tangu mwanzo, kwa kuwa kasilimu ukubwani. Anauliza kama Waislamu wa kuzaliwa wamekwisha. Nilimbembeleza mwezi mzima mpaka akakubali kuwa shahidi. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nataka awepo nikimwoza binti yangu. Sitaki kingine. Naogopa.

Jumapili, 7 Septemba

Bwana Iyan, baba yake Karim, na mkewe wamefika. Mrefu, ndevu nyeupe, sauti ya chini. Kavaa suruali, alhamdulillahi. Kala chapati nne, Zuwena kampenda papo hapo.

Nilishindwa kumwambia habari ya magoti. Nikamtupia Salma mzigo. Akaeleza kwa upole, lakini mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikaona haya. Mgeni amesafiri siku nzima, sisi tunamkataza nguo yake. Nikakimbilia chumbani, nikatoka na kikoi kipya nilicholetewa kutoka Unguja, nikampa. Akauliza ni nini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha ghalani: "This is our kilt."

Nilitaka kumchangamsha tu. Yeye akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakamlengalenga. Sikujua la kufanya na uso wangu.

Jumatano, 10 Septemba

Karim kapiga simu. Baba yake ameacha kilti, ameacha na kisu. Nikamwambia Kaka. Karidhika. Zuwena anachambua mchele, anaimba. Mambo yote sawa. Mbona sina raha?

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbi nyuma ya msikiti, Small Heath. Mimi na kanzu, koti, kofia. Kaka kakaa mbele, karibu na sheikh. Moyo wangu umetulia.

Akaingia Bwana Iyan. Koti jeusi la vifungo vya fedha. Tai. Soksi ndefu. Kifuko cha ngozi. Na kikoi changu, kimekazwa kwa mkanda mpana, kimeshuka chini ya magoti kama tulivyomwomba. Kimepigwa pasi. Kina marinda!

Ukumbi mzima ukageuka. Halafu vicheko vya puani. Mmoja nyuma akasema, huyu kasahau kanzu. Kwetu sisi mtu alikuwa ameingia na nguo ya ndani. Na yeye anatabasamu, kifua mbele, anaamini ametuheshimu. Na alituheshimu. Mjinga ni mimi.

Kaka akaniinamia. Nani kamwambia avae vile? Mimi, nikasema, nilimwambia ndiyo kilti yetu. "Basi mtafutie kanzu, au mtoe."

Kanzu ipi? Mtu ana futi sita na nusu. Nikatazama upande wa wanawake. Salma alikuwa ameona. Alikuwa ananitazama mimi, si mkwewe.

Nikaenda chooni nikavua kanzu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikabaki na fulana, koti juu, na kikoi changu cha chini, kimechakaa, kina doa la chai. Nikarudi nikakaa ubavuni kwa Bwana Iyan. Akatazama kikoi changu, akatazama chake, akanipa mkono.

Kaka akainuka. Akavaa viatu vyake polepole, akatoka. Hakugeuka.

Abdi akasogea akakaa pale Kaka alipokuwa, akawa shahidi. Sheikh hakupinga, stara ilikuwepo. Nikamwoza binti yangu. Sauti haikutoka vizuri. Nilifurahi na nilikuwa na aibu na nilimkasirikia kila mtu. Sijui nilimvulia kanzu nani.

Jumapili, 14 Septemba

Nimempelekea Kaka biriani. Nilimwona dirishani, akaniona. Alichelewa kufungua.

Akafungua amevaa suruali, shati la mikono mirefu, viatu. Nyumbani kwake, Jumapili. Miaka yote namkuta na kikoi, sijamkuta hivyo. Akanikaribisha sebuleni, akaleta chai kwenye vikombe vya wageni. Tukazungumza habari za mvua. Akaniuliza kama kazi inaendelea. Nikasema inaendelea. Niliumia kuliko kama angenitukana.

Nikaaga. Akasema, ngoja.

Akaingia chumbani, akakaa sana. Nikahesabu maua kwenye pazia. Aliporudi alikuwa amevaa kikoi na fulana, miguu mitupu. Akaketi chini kwenye zulia, akafungua bakuli.

"Ya mbuzi?"

"Ya mbuzi."

Akasogeza bakuli katikati yetu. Nikaenda kunawa mikono.