Glayeli nyekundu za Papa Trésor

Jumamosi, 16 Novemba 2013
Vitunguu vya maua yangu ya glayeli vimekauka vizuri tangu nivichimbe kabla ya baridi. Leo nimebandua kitunguu cha zamani chini ya kila kipya. Nimepaka jivu visioze. Kila rangi ndani ya soksi yake nyeusi ya nailoni, na jina. Majina ya Kifaransa siyajui, donc naziita kwa majina ya watu wetu. Njano ni mwanangu Trésor, nyeupe ni Clarisse, muke wake. Nyekundu ya giza ni Papa Trésor. Ndiye bwana yangu, aliileta mwenyewe kabla ya kufa, dukani sijaiona tena. Kila Agosti napeleka kwa kaburi lake. Zote nimetundika kwenye kave, chini ya nyumba.

Udongo na takataka zilizobaki nimempa Papa Hamisi, jirani Mrundi, kwa bustani yake.
«Na ile nyekundu, Maman, utanipa lini?»
«Siku utabatizwa, Papa Hamisi.»
Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumapili, 12 Januari 2014
Nimetoka misa, nikashuka kukagua kama kuna vilivyooza. Soksi mbili hakuna. Papa Trésor na Clarisse, zilizokuwa pamoja. Zingine ziko. Muntu alichagua.
Ufunguo wa kave uko na sisi wa nyumbani. Na Papa Hamisi, kwa sababu ya ile shofaji, mashine ya kupasha nyumba joto, anayotutengenezea.

Jumatano, 15 Januari
Nasali rozari. Katikati ya Salamu Maria namuona Hamisi na soksi yangu mkononi. Mungu anisamehe. Lakini namuona.

Jumamosi, 1 Februari
Trésor na Clarisse walikuja. Nilipika sombe, majani ya muhogo. Clarisse hakugusa. Alikaa na koti, mikono juu ya tumbo. Anasema ni mimba. Zamani hiyo mimba ilikuwa inakula sahani mbili. Labda Trésor anamsumbua. Nitamchunguza.

Jumatatu, 14 Aprili
Majani ya glayeli yametoka kwa Hamisi, karibu na ukuta. Membamba, lakini nayajua.
«Hii ni nini?»
«Wewe ulinipa, Maman.»
«Nilikupa takataka.»
«Bon, takataka yako inaota.»
Nikamwita mwizi. Muke wake alikuwa mlangoni, alisikia. Hamisi alinipa ufunguo wa kave juu ya ukuta.
Nilishinda. Mbona roho ni nzito.

Jumatano, 16 Aprili
Nilikuwa nawahadithia Trésor na Clarisse wizi wa Hamisi. Clarisse akaanza kulia. «Maman, ni mimi.»
Mwezi wa Desemba alishuka kuchukua viazi. Akakuta soksi nyeusi, jivu, jina lake, limefungwa kando ya jina la marehemu. Akabeba zote mbili kwa kikundi chake cha maombi. Wakachoma. Wakamuombea tumbo.
Alidhani mimi ni mulozi, nawaloga watu, nataka mutoto wake.
Niliwaambia warudi kwao.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimeshuka kave. Nimesimama mbele ya zile zilizobaki. Nyeusi, zinaning'inia, jivu, na jina la Trésor. Hata mimi ningekimbia.
Na mimi nilimfanyia nini Hamisi? Majani tu yalinitosha kumwita mwizi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Nimeenda kwa Hamisi kabla ya njia ya msalaba. Nimeomba msamaha mbele ya muke wake, maana na yeye alisikia. Hamisi alichukua jembe. Alichimba nusu ya yale majani. Chini kulikuwa na vitoto vya vitunguu vya glayeli, vidogo kama njegere. Vilijificha ndani ya takataka yangu, na baridi ya mwaka huu haikuwa na nguvu ya kuviua.
«Nusu inabaki kwangu,» akasema. «Na sijabatizwa.»
Nikamrudishia ufunguo.

Jumamosi, 3 Mei
Clarisse amekuja peke yake. Tumbo limeshuka, siku ni karibu. Hakuweza kuinama, alikaa juu ya kiti akinipa vitoto kimoja kimoja, mimi nafukia.
Takataka ilikuwa ya rangi zote. Kama nyekundu imo, hatujui mpaka vitoe maua. Miaka miwili, labda mitatu. Agosti hii nitaenda kaburini na rangi nyingine.
Alikula mikate na chai, kisha akaomba nimuongezee.
Mustari wa vitoto niliupanda hapo kwa ukuta. Safari hii jina sijaandika.