Kazi ya Bwenini

Jumatatu, 2 Juni 2025
Sista Hilda, mkuu wa shule, ameniita ofisini. Napika hapa kama kibarua tangu Januari, sasa anataka niwe matroni wa bweni. Mshahara wa kila mwezi, bima, chumba changu mwenyewe. Ila bodi inadai hati ya polisi kwanza — hawa ni watoto wa watu, amesema.

Sikutaka aje aisome huko. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama: nilifungwa miaka miwili Songea. Nilikuwa binti wa miaka ishirini. Baba alikuwa amezikwa juzi yake tu, baba mdogo Nicholaus akaja kututoa kwenye nyumba, kule Ngumbo, ziwani. Akamburuta mama mpaka mlangoni. Nikachukua kafi la mtumbwi, nikampiga. Mkono wake ukavunjika.

Sista akanivutia kiti. Kisha: kaa kwanza, Eunice. Hati tutaiomba hivyo hivyo.

Namshukuru Mungu kwa hiyo "kaa kwanza".

Jumatano, 4 Juni
Polisi, alama za vidole. Askari wa kike, mpole. Kanishika kidole kimoja kimoja kama anayemkata mtoto kucha. Nikamuuliza kama kesi ya zamani huwa inafutika. Akasema hawezi kunidanganya, itaonekana. Halafu akanitafutia sabuni ya kutoa wino. Hakulazimika.

Jumamosi, 7 Juni
Baridi kali. Nimechuma kahawa kwa dada Emiliana, jirani yangu, mpaka vidole vikafa ganzi. Sikuiwaza hati hata kidogo. Uongo — nimeiwaza.

Jumanne, 17 Juni
Hati imetoka. Kosa limo. Bodi ikaniita.

Mzee Bernadi, mjumbe wa bodi, ana mjukuu kwenye bweni lile. Akauliza, bila hasira: siku msichana akikutukana, utashika nini? Nikasema tangu siku ile sijamnyanyulia mtu mkono, hata gerezani. Akasema maneno yangu ameyasikia, sasa angependa kumsikia na yule aliyepigwa.

Ni haki yake kuuliza. Ningekuwa na binti, ningeuliza hilo hilo.

Lakini baba mdogo — hatujaongea tangu kesi. Msibani kwa mama alisimama mbali, akaondoka kabla ya chakula. Nimempigia Henry, mwanawe. Amesema atamfikishia, ila nisitegemee.

Jumapili, 22 Juni
Baba mdogo hajaleta jibu. Kanisani nimeshindwa kuomba kwamba aje. Nimeomba tu nisimchukie asipokuja. Jioni Sista kaniambia jikoni nitabaki, hata bodi ikikataa. Basi sina cha kulalamika.

Jumatano, 25 Juni
Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi. Baba mdogo yumo ndani.

Nimemkuta getini asubuhi hii, katoka na basi la Mbamba Bay, ameshika mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa kwetu ziwani. Amezeeka. Mkono ule haunyooki. Nikapiga goti: shikamoo, baba. Marahaba, akasema. Halafu akauliza, wanataka nije kukusifia?

Hapana, baba. Wanataka useme ilivyokuwa.

Akaangalia barabara aliyotokea. Nikadhani anageuka kurudi stendi. "Ilivyokuwa," akasema, "itabidi nianze na mimi nilichomfanyia mama yako." Akanikabidhi mfuko, akaingia.

Sauti yake naisikia, maneno siyapati. Kuna mahali ilikatika, nikadhani ameshindwa. Ikaendelea tena, chini chini. Hakuna anayemkatiza, hata Mzee Bernadi. Usipa nimewapakata hapa, sketi yote inanuka ziwa. Sijali.

Wakikataa, watakataa. Huyu mzee kapanda milima yote ile kwa ajili yangu — hilo hawaninyang'anyi tena.

Sista Hilda katoka kuchukua birika. Ananiuliza, baba yako anaweka sukari kwenye chai?

Sijui. Zaidi ya miaka ishirini sijamtengea hata kikombe. Sista, niachie hilo birika. Naingia kumuuliza mwenyewe.