Je, Hukumu ya Mbinga Inafika Tukuyu?

Mpendwa mshauri, Shangazi Tadea, shikamoo. Naomba msaada, lakini kabla ya kuomba acha nijisifu kidogo, maana nimeshinda kesi na tangu siku ile nikienda bombani kuchota maji najikuta naimba peke yangu, ila sijui kama mtu aliyeshinda anaruhusiwa kuogopa hivi ninavyoogopa.

Mimi ni mkulima wa Kitura. Niliolewa miaka ishirini na mitatu na mwalimu Ambokile, mtu wa Tukuyu aliyeletwa huku na serikali, tukamzaa Eunice, tukaishi, na mwaka juzi mwenzangu alipokaribia kustaafu akarudi kwao, akaanza kuishi na mwingine, halafu akanitumia ujumbe kwamba ameshaniacha, kwa simu, Shangazi, kama mtu anayeahirisha kikao. Nikaenda baraza la usuluhishi, ikashindikana, nikaenda mahakamani Mbinga kudai talaka, nyumba, na sehemu ya kiinua mgongo chake. Ambokile akasimama na suti yake akasema, "Mheshimiwa, huyu mama hajawahi kushika chaki hata siku moja. Pensheni ni jasho la ubaoni." Na ni kweli, chaki sijashika.

Ndipo akaitwa shahidi wangu, jirani yetu Mzee Xaveri, ambaye sikumtegemea sana kwa kuwa miaka yote kazi yake ilikuwa kunicheka. Unajua sisi Wamatengo tunalima mashimo ya ngoro mlimani, na kazi imegawanyika, mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, mwanamke anachimba udongo na kuzifunika, sasa mwalimu alikuwa shuleni, kwa hiyo zote mbili nilifanya mimi. Mzee Xaveri akasema, "Mheshimiwa, huyu nimemcheka miaka ishirini. Kila Machi analaza nyasi kama mwanaume. Mpaka jina nilimpa, namwita Baba Eunice." Mahakama nzima ikacheka, Ambokile naye akacheka, hakimu peke yake hakucheka, alikuwa anaandika. Siku ya hukumu akasema mwalimu alipata nafasi ya kufundisha mpaka akastaafu kwa sababu shambani kulikuwa na baba mwingine, na kahawa ya shamba hilo ndiyo iliyomsomesha stashahada. Nikapewa talaka, nyumba, na theluthi ya kiinua mgongo. Shangazi, nililia mpaka karani akaniletea kiti!

Sasa tatizo. Muda wa rufaa umepita na hakukata, badala yake amemtuma kaka yangu Joakim na karatasi ya maelewano, kwamba yeye ananiachia nyumba kwa roho safi na mimi nisaini kuwa pensheni siidai. Ambokile anasema hukumu ya Mbinga haivuki mkoa, huko Tukuyu wana mahakama yao, na fedha zenyewe zinatoka Dodoma ambako hakuna anayemjua Mama Eunice. Kaka naye ananiambia, "Dada, kamata kilichopo, usigombane na serikali." Jumapili anakuja na mtendaji wa kijiji nisaini. Nifanyeje?

Mama Eunice, Kitura

Mama Eunice, marahaba, na hongera sana! Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilipiga vigelegele ofisini mpaka wenzangu wakaja kuchungulia. Mara ya pili nikakukasirikia.

Hebu niambie. Nyumba hakimu alishakupa. Sasa Ambokile anakuachiaje kitu ambacho si chake? Anakuuzia ng'ombe wako mwenyewe, na wewe unatafuta kalamu! Huruma ninayo, maana najua tulivyolelewa: kaka akisema, dada ananyamaza. Joakim anakupenda, lakini hajui sheria, na mwambie nimesema mimi.

Ambokile alikuja kwenu kwa barua ya uhamisho, labda ndiyo maana anadhani kila kitu kinaishia mpaka wa mkoa. Hukumu ni hukumu, Mbinga, Tukuyu na Dodoma. Ikibidi, mahakama ya Mbinga itaituma kule ikatekelezwe. Ila haitembei yenyewe, lazima uisukume, tena haraka, kwa sababu fedha zikishalipwa zikaingia nyumba nyingine, kuzifuata ni kazi mpya.

Kwa hiyo Jumapili mpokee kaka yako, mpe chai, mtendaji naye mpe chai, karatasi irudi ilivyokuja. Jumatatu asubuhi nenda Mbinga, mwombe karani nakala ya hukumu yenye muhuri, na hapo hapo useme unataka kukaza hukumu, yaani itekelezwe. Fomu zikikuchanganya, ulizia msaidizi wa kisheria asiyetoza. Nakala nyingine peleka ofisi ya mfuko wa pensheni, pamoja na jina kamili la Ambokile na namba yake ya utumishi, ambayo iko kwenye karatasi zake za zamani za mshahara, na usiniambie ulizichoma kwa hasira. Usitoke pale kabla nakala yako haijagongwa muhuri kwamba wameipokea. Eunice akusindikize, aone mama yake anavyofanya kazi.

Na Ambokile usimpigie simu kumweleza lolote. Acha aambiwe na mfuko.