Nukta Nyekundu Ukutani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sijamwambia mtu yeyote hili. Hata Mama. Baba hasikii vizuri tena, na hajui kwamba najua.

Yeye, Fundi Pius! Fundi wa maiki! Watu wanatoka mpaka Mbagala kumletea kazi hapa Kariakoo.

Nilianza kushuku kwa sababu ya Ridhiwani, anayeuza kava za simu mlangoni pa duka letu. Ana spika ya matangazo — buku tatu, buku tatu, chagua mwenyewe — kutwa nzima. Zamani Baba alikuwa anatoka na bisibisi mkononi kumfokea. Siku hizi hatoki. Leo Ridhiwani kaniambia huku anacheka: "Mzee wako kawa mpole kweli, Anje. Nimemwambia naongeza sauti, akaniambia asante!"

Nikacheka na mimi. Halafu nikaenda nyuma ya kabati la vipuri, nikasimama huko mpaka macho yakauke.

Jumatano, 11 Juni

Mama Dhruv kaleta maiki ya kikundi chao cha bhajan, zile nyimbo za ibada wanazoimba hekaluni. Utando wake umechanika. "Fundi, ukishindwa hii nitaimba kwa mdomo mtupu kama muuza dagaa!" Baba akatabasamu. Alikuwa anamtazama midomo.

Utando ndio roho ya maiki kama ile. Ni plastiki iliyopakwa dhahabu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, inawambwa kama ngozi ya ngoma. Ukilegea, sauti inakuwa nzito. Ukikaza sana, inakuwa kali, au unachanika. Baba alijifunza kuwamba kwa mjomba wake, mtengeneza ngoma kule Masasi. Huugusa utando kwa ncha ya unyoya wa kuku, anainamisha sikio. Kelele zote za Kariakoo, na yeye anasikia unyoya!

Leo aligusa. Akagusa tena. Akagusa mara nyingi kuliko nilivyozoea. "Tayari," akasema.

Haukuwa tayari. Mimi nilisikia. Ulilia kama ngoma iliyolowa.

Nitamwambiaje baba yangu?

Jumamosi, 14 Juni

Maiki imerudi. Mama Dhruv hakugomba, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alisema taratibu tu kwamba inamfanya aimbe kama kafunikwa blanketi. Baba akamwonyesha mbingu kwa kidole — unyevu, Mama, unyevu wa mvua. Mvua gani? Juni hii?

Jioni hakumaliza ugali. Mama akamuuliza kama anaumwa. Akamuuliza tena, kwa nguvu. "Nimechoka," akasema.

Na mimi nimepangiwa kidato cha tano Songea. Mwanzoni mwa Julai naondoka. Mama anauza mitumba Mchikichini, na kila akifungua robota ananiletea sweta nipime, maana Songea kuna baridi. Kila sweta ninayovaa nafikiria jambo lilelile. Nikiondoka, nani atasikia utando?

Jumanne, 17 Juni

Nimepata wazo! Kama sikio haliwezi, jicho liweze.

Nimechukua fremu ya Mama ya kudarizia. Ringi mbili za mbao zinaubana utando. Katikati, kwa chini, kipande cha bomba la chuma — nimeenda kwa mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani, wamenisugulia mdomo wake mpaka ukawa laini kama kikombe. Skrubu sita zinaivuta fremu kuelekea chini, utando unajiwamba juu ya bomba. Fundi chuma kaniuliza natengeneza nini. Nikasema mtego wa panya. Sijui kwa nini nilisema hivyo!

Vipande viwili vya utando vimeshachanika. Nilikuwa nakaza skrubu zinazofuatana. Kisha nikamkumbuka Baba nilipokuwa mdogo, akiwamba ngoma ya kwaya: "Kaza hapa, halafu kaza inayotazamana nayo. Ukivuta upande mmoja, ngoma inakuchukia."

Ijumaa, 20 Juni

Imefanya kazi!

Kile kitochi cha leza wanachouza barabarani kwa watoto — nimekielekeza kwenye utando. Dhahabu inarudisha mwanga, unapata nukta nyekundu ukutani. Nikaweka simu chini ya bomba, ikatoa mlio unaopanda polepole. Nukta imetulia, imetulia… halafu mlio ukafika penyewe, na nukta ikarefuka ghafla kama uzi! Hapo ndipo utando unapoitika. Unakaza skrubu mpaka unaitika kwenye mlio unaoutaka. Sikio halihitajiki kabisa.

Nikamwonyesha Baba. Nilisema karibu na uso wake, polepole, kwamba nimejitengenezea mimi, kwa sababu sina sikio kama lake.

Akatazama muda mrefu. "Utando husikilizwa, Angelina. Hautazamwi." Akauliza kama haya ndiyo niliyofundishwa shule. Akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Kifaa chote nimekiweka chini ya kitanda. Sina hamu ya kuandika zaidi.

Jumapili, 22 Juni

Baba hakwenda kanisani. Kichwa, alisema. Tulipofika Mnazi Mmoja Mama akakumbuka bahasha ya zaka, akanirudisha nyumbani niichukue.

Nilisukuma pazia la mlango kidogo tu. Nukta nyekundu ilikuwa ukutani, juu ya picha ya ubarikio wangu. Baba kapiga magoti. Anakaza skrubu moja, kisha inayotazamana nayo. Nukta ikarefuka. Akaweka kiganja chake ukutani, pale penye mwanga, kama mtu anayempima mtoto homa.

Unyoya ulikuwa mfukoni mwa shati lake.

Niliondoka bila bahasha. Nikamwambia Mama sikuiona.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika hapahapa dukani, nimeinamia meza ya nyuma. Mama Dhruv kaja kujaribu maiki. Baba hakuningoja. Kaunganisha mwenyewe maiki kwenye mixer ya sauti, kavaa headphone masikioni, kamwashiria aimbe.

Anaimba. Jamani, kwenye spika ya duka sauti inatoka wazi, maiki ni nzima! Taa za kijani kwenye mixer zinapanda na kushuka na sauti yake. Baba anatikisa kichwa sawasawa na wimbo. "Safi, Mama! Safi kabisa! Naisikia mpaka pumzi!"

Ila waya wa headphone haujachomekwa. Umelala mezani, karibu na kikombe cha chai. Anazitazama taa.

Nikiuchomeka, atajua kwamba najua. Nisipouchomeka —

Mama Dhruv kauona. Macho yake yameshuka kwenye waya, yamekaa hapo, yamepanda kwangu. Hajaacha kuimba. Hata kidogo hajapunguza. Ananitazama mimi, anaimba, na Baba anatabasamu.

Ridhiwani naye kachungulia mlangoni, anauliza mbona leo kuna raha.

Wewe daftari, hukuona kitu. Usimwambie Mama, wala Ridhiwani. Na Baba, hata akikufungua siku moja mimi nikiwa Songea, tafadhali, usimwambie.