Kwa Tata, Aliyenipeleka Kula kwa Mama Véro

Tata, baba yangu mpendwa,

Huku Musonoi tuko wazima. Mama bado anagombana na kuku wa jirani, na mimi ndiye ninayefundisha watoto wa kipaimara tangu ulipotuacha, kwenye mabenchi yale uliyoyapigilia misumari mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu jana Jumamosi limetokea jambo darasani, na hakuna mwingine ninayetaka kumweleza. Halafu kuna asante moja ambayo sikukupa ukiwa hai. Inaniwasha.

Unakumbuka safari yako ya Kisenge, kwenye mazishi ya shemeji yako? Nilikuwa na miaka kumi na saba, kichwa kigumu, na simu ya kwanza maishani mwangu. Wewe katekista ulipokuwa safarini, kazi ya kusoma Injili katika jumuiya yetu ilikuwa yangu. Nilijiona mtu mkubwa, ee Tata! Nilifunga kitenge kipya cha mama bila kumwomba, nikajipaka mafuta hadi nikang'aa.

Baada ya Injili ukafika wakati wa matangazo. Nikatoa simu, nikasoma ujumbe ulioingia kwenye grupu ya kwaya. Juu ulikuwa na picha ya msalaba, chini umeandikwa "wapelekee watu kumi upate baraka." Ujumbe ulisema Kanisa linawaonya waamini wasile kwa Mama Véro, yule mjane anayewauzia wachimbaji bukari, ugali wetu, na maharage karibu na mashimo ya madini, kwamba eti anapikia maji yaliyooshewa maiti ili wateja wasimkimbie. Niliusoma kwa sauti niliyosomea Injili, Biblia ikiwa bado mkononi. Na watu wakaitikia "Amina." Tata, waliitikia Amina!

Kesho yake vijana wakammwagia Mama Véro sufuria zote chini.

Uliporudi, habari ilikuwa imekutangulia. Nilingoja fimbo, na kusema kweli niliitamani, maana fimbo inaisha. Wewe ulinawa uso, ukakaa, ukaniuliza:

"Ile maneno, nani aliiona na macho yake?"

"Batu bote banasema, Tata."

"Batu bote ni nani? Unipatie jina moja."

Nikajitetea kwamba kulikuwa na msalaba juu ya ujumbe. Ukacheka kile kicheko chako cha hasira. "Hata shetani anajua kuchora musalaba. Vaa viatu, tunaenda kula."

Mungu wangu, njia ile ilivyokuwa ndefu! Mama Véro alikuwa amepika kidogo tu, amekaa peke yake, na wachimbaji wamesimama mbali, wamejaa vumbi, wakimtazama kwa njaa. Ukamwomba bukari ya watu wawili. Hakuinuka.

"Tata Katekista, haukusikia mambo banasema juu yangu?"

"Nilisikia. Njo maana nilikuya."

Ulifanya ishara ya msalaba polepole ili wote waione, ukamega tonge, ukala kama mtu aliyetoka shambani. Mimi langu nililishika tu mkononi. Ukaniinamia: "Kula, mutoto. Ni weye ulipika." Nikameza huku machozi yananitoka, na Mama Véro akanisogezea kikombe cha maji.

Jumatano iliyofuata, jumuiya ilipokutana tena, ulinisimamisha mbele yao, pale pale niliposomea ujumbe. Nikasema nilisoma uongo bila kuuliza ulikotoka, na kwamba Mama Véro hana kosa. Hakuna aliyeitikia. Ukaniambia tukirudi nyumbani kwamba amri ya nane haimhusu tu anayetunga uongo, inamhusu na anayeubeba, na kwamba mbebaji ndiye anayechoka zaidi kwa kuwa hana pa kuutua.

Lakini asante yangu haiko hapo. Siku za matanga yako, Mama Véro alikuja na sufuria ya maharage kichwani. Akanivuta pembeni, akaniambia kwamba tangu siku ile ulikula kwake kila mchana, miezi mitatu, mpaka wateja wakarudi. Miezi mitatu, Tata! Na sisi nyumbani tulikuona unagusagusa chakula cha jioni tu, mama akadhani una minyoo, akakuchemshia majani machungu. Nawe ukayanywa! Hukusema. Nililia siku ile, na katikati ya kulia nikacheka, mashangazi wakadhani nimerukwa na akili.

Sasa sikia jambo la jana. Kila mwaka ninawafundisha watoto namna ya kuuchunguza ujumbe kabla ya kuutuma, na ninawasimulia kisa hiki. Ila nimekuwa nikisema "msichana mmoja." Hivyo tu, msichana mmoja. Jana nikamwalika Mama Véro aje aseme kwa kinywa chake. Amezeeka, bado anapika. Kabinti kamoja kakamwuliza: "Mama, ule mutu alisoma ile maneno, ulimusamehe?"

"Nilimusamehe zamani," akajibu. "Lakini kuko batu, mupaka leo, banapita mbali na chungu yangu."

Hakunitazama hata kidogo. Angeweza kunitaja, akaniachia mwenyewe. Nikasimama, nikasema: "Ni mimi."

Kale kabinti, kenye macho makali, kakaniuliza: "Sasa weye mwalimu, kila kitu unatufundishaka, tutajua namna gani kama ni kweli?"

Mwalimu mwingine angemkemea kwa swali hilo. Mimi nilisikia furaha ikinipanda, maana huyu hakuitikia Amina tu. Nikavuta benchi, nikakaa karibu yao, nikawaambia waniulize chochote. Wakauliza, Tata. Walioogopa kunyoosha mkono mwaka mzima wakauliza, mpaka kengele ya mchana ikalia na hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani.

Asante, Tata. Lala kwa amani ya Bwana, na utuombee.

Ni mimi, binti yako