Simu Ilikusalimia, Baba

Baba, shikamoo.

Leo sikuulizi habari za huko. Nimechoka na habari. Nakuandikia nikiwa na hasira, na ningekuwa nawe hapo Mofu ungeniambia nikae kwanza ninywe maji. Sinywi.

Jana hapa ofisini Ifakara tulikaa kikao kuhusu kifo chako. Wao hawakiiti kifo, wanakiita tukio. Kiongozi wa mradi, yule bwana aliyekuletea simu ya wagonjwa wa moyo, alifungua kompyuta akatuonyesha siku zako tisa za mwisho. Kila saa kumi na mbili asubuhi simu ilikuita: "Shikamoo, habari za asubuhi?" Na kila asubuhi ulibonyeza kitufe cha kijani, nzuri. Basi akasema mgonjwa alitoa taarifa za uongo, chombo hakina kosa, na mwezi ujao simu zinakwenda Chita na Mang'ula hivyohivyo zilivyo.

Eti uongo. Wewe, uliyemkimbilia mnunuzi mpaka kivukoni kumwambia kambale wake mmoja ni wa jana.

Mama alipofariki ulinipigia nikiwa chuoni Morogoro. Nikauliza habari za nyumbani. Ukasema, "Nzuri tu mwanangu, ila mama yako hatunaye." Ndivyo tulivyo. Nyumba iungue, mafuriko yabebe mpunga wote, mtu akikusalimia unaanza na nzuri, mabaya yanafuata. Ile simu haikuyangoja. Ukibonyeza kijani inasema asante, siku njema, inakata. Maswali ya pumzi na miguu kuvimba yalikuwa nyuma ya kitufe chekundu, na wewe hukufika huko. Hukudanganya, Baba. Ulisalimiwa, ukaitikia.

Na sauti ile ni yangu. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba wazee wa bondeni hawaulizwi ugonjwa kabla ya salamu, ni kukosa adabu, nikarekodi mwenyewe, wakanipigia makofi. Jirani yako Mama Neema ananiambia ulikuwa ukilala umekaa, umeegemea gunia la mpunga, miguu imejaa hata ndala haziingii. Asubuhi unaweka simu sikioni, unacheka, unasema binti yangu huyo ananisalimia.

Ungenipigia! Nakukasirikia na wewe, nasema wazi. Daktari alikuambia moyo umetanuka, ukivimba uje haraka. Wewe unamkataza Mama Neema asinisumbue, eti mtoto ana kazi. Kazi yenyewe ilikuwa wewe.

Leo alfajiri nilipanda pikipiki mpaka kwa Mama Ngolo, yule Msukuma mwenye ng'ombe ng'ambo ya mashamba yetu. Naye ni mgonjwa wa moyo, ana simu kama yako. Ikaita nikiwa nimekaa naye. Akabonyeza kijani. Kisha, taratibu, akaniambia hii ni siku ya pili hajalala, akijinyoosha anakosa pumzi. Nikamwuliza, mbona kijani? Akasema, "Imenisalimia vizuri, mwanangu. Ningeanzaje na maradhi?"

Nilimpandisha pikipiki ileile. Yuko wodini sasa, wanampunguza maji mwilini.

Nikarudi ofisini na matope yangu, nikaandika maswali upya. Salamu inabaki, lakini haina kitufe. Ikishasalimia inatulia kidogo, halafu inauliza: jana ulilala umejinyoosha au umekaa? Ndala zinakuingia? Mambo ambayo mtu anayajibu bila kuona kwamba analalamika. Nikampelekea kiongozi, nikamweleza habari za Mama Ngolo. Akasema pole, ni wazo zuri, ila muda umekwisha, tutarekebisha awamu ijayo.

Na awamu hii itakuwa ya baba wa nani?

Nimemwambia mbele ya wote: abadilishe maswali, la sivyo sauti yangu itoke kwenye simu zake, na mimi nitoke nayo. Amenipa mpaka kesho. Naogopa, maana kazi naipenda na sina nyingine.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi hakuna mzee wa Chita atakayesalimiwa na mimi halafu akakatiwa simu.

Ni mimi binti yako, Agatha, niliyepaswa kukuuliza mara ya pili.